Hesabu Kwanza, Machozi Baadaye

Hotuba ya paroko kwa Halmashauri ya Walei, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, makatekista na wawakilishi wa vyama vya kitume, wiki nne kabla ya kuhamia parokia nyingine

Barua ya Baba Askofu mliisikia ikisomwa Dominika iliyopita. Baada ya miaka saba ya kuwa pamoja, natumwa parokia nyingine, na padre mwingine anatumwa kwenu. Tangu siku hiyo mambo mawili yametokea, na hayo ndiyo yaliyonifanya niwaite hapa leo.

La kwanza, wazee kadhaa walinijia jioni wakiwa na karatasi iliyojaa sahihi, wakitaka kwenda kwa Baba Askofu kumwomba aniache. La pili, nimesikia kwamba kila Jumuiya imepangiwa kiasi cha kuchangia sherehe ya kuniaga na zawadi ya kunipa, na kwamba wajane wawili wameambiwa watafute fedha hiyo kabla ya mwisho wa mwezi.

Nawashukuru kwa upendo huo. Hata hivyo, nawaomba karatasi ile ichanwe, na mchango ule uwe wa hiari kabisa, kila mtu kadiri ya moyo wake, na asiye nacho asiulizwe. Kuna jambo kubwa kuliko sherehe ambalo mnanidai na ambalo mimi nawadai ninyi. Jambo hilo ni haki.

1. Kwa nini paroko huhama

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 522, unataka paroko awe na uthabiti katika parokia yake, yaani asihamishwe hamishwe ovyo, kwa sababu mchungaji anahitaji muda wa kuwafahamu kondoo wake. Lakini kanuni ya 1748 inaeleza kwamba wema wa roho za watu, mahitaji au manufaa ya Kanisa vinaweza kudai paroko ahamishwe, hata kama anafanya kazi yake vizuri. Maana yake ni kwamba parokia si shamba la padre, wala padre si mali ya parokia. Sisi sote tu wa Kristo.

Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994 ilitufundisha kulitazama Kanisa kama Familia ya Mungu. Katika familia iliyo njema, mzazi anayekwenda safari ndefu huwakalisha watoto chini, akawaeleza deni liko wapi, akiba iko wapi, na mpaka wa shamba unapita wapi. Mzazi anayeondoka kimya huwaachia watoto wake ugomvi.

2. Samweli na Paulo

Maandiko Matakatifu yanatupatia mifano miwili ya viongozi walioaga vizuri.

Wa kwanza ni Samweli, katika sura ya 12 ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Akiwa mzee mwenye mvi, aliwakusanya Waisraeli wote na mbele ya mfalme wao mpya akawataka wamshuhudie. Aliwauliza kama yupo aliyenyang'anywa naye ng'ombe au punda, kama yupo aliyedhulumiwa au kuonewa, na kama yupo aliyempa rushwa ili afumbe macho. Akaahidi kulipa. Watu wakamjibu kwamba hakuna. Tukumbuke kwamba wana wa Samweli mwenyewe walikuwa wala rushwa, na watu wote walilijua jambo hilo. Hivyo swali lake halikuwa la mapambo. Alijua kwamba jina la kiongozi haliwezi kusafishwa kwa hotuba, bali kwa hesabu.

Wa pili ni Mtume Paulo, katika sura ya 20 ya Matendo ya Mitume. Akiwa Mileto aliwaita wazee wa Kanisa la Efeso, akawaeleza kwamba hakutamani fedha, dhahabu wala mavazi ya mtu yeyote, na kwamba mikono yake mwenyewe ilimhudumia yeye na wenzake. Akapiga magoti, akasali nao. Ndipo walipolia, wakamkumbatia, wakamsindikiza mpaka merikebuni.

Angalieni mpangilio huo, ndugu zangu. Hesabu ilitangulia, machozi yakafuata. Sisi mara nyingi tunageuza. Tunaanza na ng'ombe wa sherehe, ngoma na nyimbo, kisha hesabu inabaki kuwa minong'ono ya miaka mingi.

3. Kosa langu mwenyewe

Ninasema haya kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuondoka vibaya.

Katika parokia ya kwanza niliyokuwa paroko, kulikuwa na kigango mlimani, mbali na barabara. Waamini wa huko walichanga kwa misimu miwili ya mavuno ili kupata mabati ya kuezeka kikanisa chao. Mwenye fedha alitoa fedha, mwenye mahindi alitoa mahindi, mwenye kuku alitoa kuku. Aliyekusanya ni mama mmoja mweka hazina, aliyeaminiwa na wote. Alinikabidhi fedha yote mkononi, na mimi sikumwandikia risiti.

Mwezi huohuo gari la parokia liliharibika. Nilichukua fedha ya mabati nikalipia gereji, nikijiambia kwamba nitairudisha baada ya mavuno. Kabla ya mavuno ikaja barua ya uhamisho. Tulifanya sherehe kubwa, watu wakalia, nami nikalia. Nikaondoka bila kusema neno juu ya mabati.

Miaka miwili baadaye nilikutana na mama yule stendi ya mabasi. Alinisalimu kwa heshima, akauliza habari za afya yangu. Kisha akasema, "Baba Paroko, nisamehe kwa kuuliza. Mabati yetu yaliishia wapi? Tangu uondoke, mimi kule kijijini naitwa mla mabati."

Sikuwa na jibu. Hakunitukana, wala hakupandisha sauti. Baada ya wiki chache, kwa ruhusa ya paroko aliyenifuata, nilipanda mlima ule, nikasimama mbele ya waamini na kusema ukweli wote. Fedha nililipa kidogo kidogo mpaka ikaisha, na kikanisa kikaezekwa. Lakini ile miaka miwili ambayo mama yule alipita njiani huku watu wakimnyoshea vidole sikuweza kuilipa, na mpaka leo siwezi.

Kanuni ya 1267 inasema wazi kwamba sadaka iliyotolewa na waamini kwa lengo maalumu haiwezi kutumika ila kwa lengo hilo. Nilikuwa nimeisoma kanuni hiyo seminarini, na katika mtihani niliijibu vizuri. Paroko asipotoa hesabu, mwenye kuumia mara nyingi si yeye, kwani yeye yuko mbali. Anayeumia ni mweka hazina, katekista au mwenyekiti wa kigango anayebaki na watu.

4. Mambo nitakayoyakabidhi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo, kabla ya sherehe yoyote, tutayatekeleza haya.

a) Fedha. Kanuni ya 537 inaagiza kila parokia iwe na kamati ya fedha, na kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa. Kamati yetu itapitia vitabu vyote, na taarifa itasomwa kanisani na katika kila kigango: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Deni letu la saruji kwa mwenye duka nalo litasomwa. Paroko mpya asije akalijua siku atakapodaiwa njiani.

b) Nia za Misa. Kanuni ya 958 inamtaka paroko awe na kitabu maalumu cha kuandika Misa zilizoombwa, nia zake, sadaka zilizotolewa na Misa zilizokwisha kuadhimishwa. Bibi aliyeleta sadaka yake ili marehemu mumewe aombewe hana namna ya kukagua. Anatuamini tu. Nia ambazo sijaziadhimisha nitazikabidhi moja moja, pamoja na sadaka zake.

c) Madaftari na vitu. Madaftari ya ubatizo, ndoa na vifo ni haki za watu. Kijana anayetaka kufunga ndoa huteseka sana jina lake lisipoonekana katika daftari la ubatizo. Vilevile kanuni ya 1283 inataka iwepo orodha kamili ya mali, nakala moja ibaki parokiani na nyingine ipelekwe kuria ya jimbo. Kitanda, jokofu na pikipiki vilivyonunuliwa kwa fedha ya parokia vitabaki. Nitaondoka na nguo zangu, vitabu vyangu, na vile mlivyonipa mimi binafsi mkijua kuwa mnanipa mimi.

d) Ardhi. Viwanja vya vigango vyetu viwili vilitolewa na wazee kwa neno la mdomo. Mzee mmoja amekwisha kufariki, na wanawe wameanza kuuliza. Wana haki ya kuuliza. Wiki hii tutakwenda pamoja nao kwenye ofisi ya kijiji, ili mbele ya Halmashauri ya Kijiji ijulikane kilichotolewa ni kipi na mpaka uko wapi, na iandikwe. Tusichukue hata hatua moja isiyo yetu kwa kisingizio kwamba ni ya Mungu.

e) Wafanyakazi. Mpishi, mlinzi na katekista si watumishi wangu binafsi. Ni wafanyakazi wa parokia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka masharti ya kazi yaandikwe, nayo inatuhusu sisi pia. Mlinzi wetu ana mishahara ya miezi miwili ambayo hajalipwa. Italipwa kabla ya kununua soda ya sherehe. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 juu ya haki duniani ilifundisha kwamba anayethubutu kuwahubiria watu haki lazima kwanza awe mwenye haki machoni pao, na ikawataja kwa namna ya pekee wanaolitumikia Kanisa kwa kazi zao. Tutawezaje kuwa na Kamati ya Haki na Amani hapa, huku mlinzi wa mlango wetu analala na njaa?

5. Mambo nisiyoyakabidhi

Padre hujua mengi. Yale ya kitubio yamefungwa milele. Lakini hata yale niliyoambiwa sebuleni, ya ndoa zenu, ya watoto wenu, ya magomvi ya koo, sitayaandika katika taarifa yoyote. Sitamwachia mwenzangu orodha ya watu wema na watu wabaya. Kila mmoja wenu ana haki ya kuanza upya mbele ya mchungaji mpya.

Daftari la zaka nitalikabidhi, lakini lisigeuzwe kuwa fimbo. Ni wajibu wa kila mwamini kulitegemeza Kanisa. Hata hivyo, umaskini si dhambi, na kanuni ya 1184, inayowataja wale wasioweza kupewa mazishi ya Kanisa, haimtaji mtu aliyeshindwa kulipa zaka. Nilipokuwa mgeni hapa niliwahi kusita kumzika mzee mmoja kwa sababu ya daftari hilo, mpaka katekista aliponieleza kwa upole jinsi mzee yule alivyougua. Tulimzika. Namshukuru katekista huyo hadharani.

6. Wajibu wenu

Haki haiko upande mmoja. Waisraeli walipoulizwa na Samweli walijibu mbele yake, si baada ya yeye kuondoka. Nami nawaomba, mwenye dai juu yangu aje sasa. Anayeona haya kuja kwangu amwone mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei au Mama Mwenyekiti wa WAWATA. Nikiwa nimekudhulumu, nitalipa. Nikiwa nimekuumiza kwa maneno, nitakuomba radhi. Lakini anayenyamaza sasa ili aje kusema nikiwa nimeondoka, huyo hanitendei haki.

Kisha mpokeeni mwenzangu. Wakorintho waligawanyika, huyu akijiita wa Paulo, yule wa Apolo, na Paulo mwenyewe akawakemea. Msimwambie padre mpya kila asubuhi kwamba padre fulani hakufanya hivi. Wala msinipigie simu kunishtakia kila atakalobadilisha. Mkinipigia kwa salamu nitafurahi. Mkinipigia kwa mashtaka nitawarudisha kwake.

Na kazi za parokia zisisimame. Jumuiya ziendelee kusali kila wiki, wagonjwa watembelewe, mafundisho ya watoto yaendelee. Parokia inayolala usingizi kila paroko anapohama inaonyesha kwamba ilijengwa juu ya mtu.

Samweli alipomaliza hesabu yake, aliwaambia watu kwamba kwake ingekuwa dhambi kuacha kuwaombea. Nami nawaahidi hivyo hivyo. Dominika ya tatu kuanzia leo, baada ya Misa ya pili, taarifa itasomwa na maswali yatajibiwa. Baada ya hapo, kama kuna atakayetaka kulia, tutalia pamoja, tukiwa na mioyo safi.

Mungu awabariki. Tumsifu Yesu Kristo!

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Je, katika Jumuiya au kigango chetu kuna mchango ambao matumizi yake hayajaelezwa? Nani anaumia kwa sababu hiyo?

2. Fedha tunazokusanya, je, zinaandikwa na kutolewa risiti? Tufanye nini kuwalinda waweka hazina wetu?

3. Wafanyakazi wa parokia yetu, na wale tunaowaajiri majumbani mwetu, je, wanalipwa kwa haki na kwa wakati?

4. Tutampokeaje paroko mpya bila kumlinganisha na aliyemtangulia?