IMANI NA VITENDO VYEMA: DAFTARI LA DUKANI



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake.

Ndugu yangu katika imani, mada niliyopewa ni imani na vitendo vyema. Niliiona nyepesi, manake Surat al-Asr twaijua sote. Madrasa tulikuwa tukiisoma kwa pamoja kila jioni kabla ya kuachiwa, mguu mmoja tayari uko mlangoni! Tuliihifadhi bila ya kuzingatia kwamba Mola anapowatoa watu katika khasara haishii kwenye kuamini. Hapo hapo anaunganisha kutenda mema, kisha kuusiana haki na subira.

Wanazuoni walikhitalifiana. Imam Shafi, ambaye wengi wetu hapa pwani twafuata madhehebu yake, alisema amali ni sehemu ya imani yenyewe. Imam Abu Hanifa akasema imani ni kusadiki moyoni na kukiri kwa ulimi, amali ni kitu mbali. Hayo tuwaachie wenyewe. Lakini hakuna kati yao aliyesema ukishaamini basi, lala.

Sasa nikueleze yaliyonikuta.

Karibu na ninapopanga pana duka dogo. Nimekopa hapo mkate, maziwa, sukari, kredi ya simu, mpaka deni likafika shilingi 1,340. Pesa zilipokuja kutoka nyumbani nikanunua kanzu ya Idd. Ramadhan ikaingia, nikawa nakwenda tarawehe kwa kuzunguka kichochoro cha nyuma nisipite mbele ya duka. Hebu fikiria! Kofia kichwani, tasbihi mkononi, nawahi saff ya mbele, na huku namkimbia Muislamu mwenzangu. Na juzuu yangu kila siku namaliza.

Usiku mmoja baada ya witri, maalim akatoa kisa kilichomo katika Sahih al-Bukhari. Lililetwa jeneza, Mtume (S.A.W.) akauliza kama maiti ana deni. Akaambiwa anadaiwa dinari 3, na hakuacha kitu. Akawaambia sahaba wamswalie mwenzao, yeye hakumswalia. Mpaka Abu Qatada (R.A.) aliposema deni lile ni juu yake, ndipo akamswalia. Baadaye Allah alipomfungulia, Mtume akawa analipa mwenyewe madeni ya waliokufa hawana kitu.

Yule maskini hakuwa nacho. Mimi nilikuwa nacho, kimetundikwa ukutani.

Tena kuna ile hadithi ya muflis katika Sahih Muslim: mtu atakuja Siku ya Kiyama na swala zake, saumu zake na zaka zake, lakini huyu kamtukana, yule kamla mali yake. Basi mema yake yatagawiwa aliowadhulumu. Kwa hivyo juzuu zangu zote zile, huenda nilikuwa namkusanyia mwenye duka!

(Na wewe usemaye, "Mimi siswali lakini roho yangu nzuri," usifurahi. Zamu yako itakuja siku nyingine.)

Siku ya pili baada ya alasiri nikaenda, na shilingi 900 nilizoweza kuzipata. Mzee akafungua daftari. Wallahi sikukusudia kuchungulia, lakini niliona majina, na baadhi yake ni ya watu tunaogusana mabega kwenye saff. Nikamuomba radhi. Hakunikemea. Akakata laini juu ya mia tisa, akasema:

"Mwanangu, mimi sikujui wewe wala wazazi wako. Nilikuwa nakuona msikitini, ndiyo nikakuandika."

Sikuwa na la kujibu. Kumbe miezi yote ile dhamana yangu ilikuwa ni swala zangu. Na kama nisingelipa, asingesema fulani ni mwizi tu, angesema hao watu wa msikitini ndivyo walivyo. Angekuwa amekosea?

Zimebaki 440. Nimemuahidi Alkhamisi, kabla ya Idd, inshaallah. Kanzu bado haijavaliwa. Mwenye kuitaka kwa bei nzuri tuonane. Na wewe ambaye jina lako nililiona mle, sitakutaja. Nipitie baada ya alasiri twende pamoja.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.