Nyumba Tupu za Ireland: Somo kwa Mtumishi wa Umma

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa niseme machache juu ya uchumi na siasa. Nimechagua nchi ya mbali, Ireland, ingawa si ngeni kwetu. Mapadre na masista wa huko walifundisha katika shule nyingi za Afrika Mashariki, na tangu miaka ya sabini serikali yao imekuwa ikiisaidia Tanzania. Nimeichagua pia kwa sababu yaliyowapata baada ya mwaka 2006 yanatuhusu sisi tunaokula mshahara wa Serikali, na ninyi mtakaotufuata ofisini.

Nyumba kwa Mwaireland si jambo dogo. Katika karne ya 19 wapangaji wengi walitimuliwa na wenye ardhi, na njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine wengi ng'ambo. Kumiliki nyumba kukawa ndiyo heshima na usalama wa mtu. Katika miaka ya 1990 makampuni ya kigeni yaliingia, kazi zikapatikana, na dunia ikaisifu nchi hiyo kwa jina la Simbamarara wa Kiselti. Maendeleo hayo yalikuwa ya kweli. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Karne mpya ilipoanza, mahali pa viwanda pakashikwa na matofali.

Nchi ilikuwa imeingia katika sarafu ya euro, na riba ilipangwa Frankfurt, tena ilikuwa ndogo. Mabenki yalikopa nje na kukopesha ndani, hata kufikia mwaka 2005 baadhi yalimkopesha mnunuzi bei nzima ya nyumba bila yeye kutoa senti moja. Kati ya 1996 na 2006 bei ya wastani ya nyumba mpya iliongezeka zaidi ya mara tatu. Mwaka 2006 nchi hiyo yenye watu milioni 4.2 ilimaliza kujenga nyumba karibu 90,000. Sensa ya mwaka huohuo ilikuta nyumba zipatazo 266,000 hazina watu, baadhi zikiwa za mapumziko. Wilaya kama Leitrim na Longford, zilizokuwa zimepungukiwa na watu, zilijazwa majengo kwa sababu Serikali ilitoa nafuu ya kodi kwa wajenzi, wala si kwa sababu kulikuwa na wapangaji.

Sasa tazameni Hazina. Nyumba zilipouzwa, Serikali ilipata ushuru wa stempu, kodi ya ongezeko la thamani, na kodi ya faida ya mauzo. Kufikia 2006 mapato yaliyotokana na majengo yalikuwa takriban euro moja katika kila euro sita za kodi. Kwa fedha hizo waliweza kupunguza kodi ya mapato, kuongeza mishahara na pensheni, na bado bajeti ikabaki na ziada. Lakini kodi ya nyumba za kuishi inayolipwa kila mwaka hawakuwa nayo. Waliifuta baada ya uchaguzi wa 1977, kwa kuwa ahadi ya kuifuta ilileta kura. Hivyo walitegemea kodi ya kuuza nyumba, si ya kuwa na nyumba. Soko likisimama, kodi hiyo husimama nalo.

Na soko lilisimama. Mwishoni mwa 2006 bei ziliacha kupanda, na mwaka 2007 zikaanza kushuka. Wanasiasa walifanya nini? Septemba 2006 waziri mmoja mkubwa alisema Serikali haihitaji tena mapato ya ushuru wa stempu. Wanunuzi wakangoja ushuru upunguzwe, na soko likazidi kupoa. Uchaguzi wa Mei 2007 ukaja, na vyama vikashindana kuahidi nafuu. Profesa Morgan Kelly wa University College Dublin alikuwa ameonya kwamba bei zingeweza kuporomoka vibaya. Julai 2007 Waziri Mkuu, Bertie Ahern, akihutubia vyama vya wafanyakazi, alisema anashangaa kwa nini watu wanaolalamika pembeni hawajiui. Baadaye aliomba radhi, lakini ndivyo hali ilivyokuwa: aliyesema ukweli alionekana mchawi wa harusi.

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Septemba 2008 Serikali iliamua kudhamini madeni ya mabenki sita. Kiasi kilichotajwa kilikuwa euro bilioni 440. Wiki mbili baadaye, tarehe 14 Oktoba, ikasomwa bajeti iliyotaka kuwanyima baadhi ya wazee wa zaidi ya miaka 70 kadi ya matibabu ya bure, ambayo tangu 2001 kila mzee wa umri huo aliipata bila kuulizwa kipato. Ndugu zangu, wekeni mambo hayo mawili pamoja. Benki ilipata dhamana usiku mmoja. Mzee aliambiwa apimwe umaskini wake. Wazee hawakunyamaza. Walijaa kanisani Dublin wakamzomea mwakilishi wa Serikali, na kesho yake maelfu wakaandamana mpaka Bungeni. Serikali ikalegeza masharti.

Wengine hawakupona hivyo. Mwaka 2009 watumishi wa umma walikatwa makato mapya ya pensheni, na tangu Januari 2010 mishahara yenyewe ikapunguzwa. Mapatano ya Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, yaliyodumu tangu 1987, yakavunjika. Walioajiriwa kuanzia 2011 walianza kwa kiwango cha chini kwa asilimia 10, hata walimu wawili wa kazi moja wakawa na mishahara miwili tofauti. Ukosefu wa kazi ulipanda kutoka chini ya asilimia 5 hadi karibu asilimia 15, na vijana wakahama tena kama babu zao. Mwaka 2010 mitaa zaidi ya 2,800 ilihesabiwa ikiwa haijakamilika. Novemba ya mwaka huo Ireland ililazimika kupokea mpango wa euro bilioni 85 uliofikiwa na Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kuyaokoa mabenki kuliigharimu nchi takriban euro bilioni 64. Hata misaada yao kwa nchi maskini, iliyozidi euro milioni 900 mwaka 2008, ilishuka chini ya milioni 700 mwaka 2010. Februari 2011 chama tawala kikabaki na viti 20 tu.

Sasa nifike kwenye neno langu. Baadaye Serikali ilimwita mtaalamu wa Kanada, Rob Wright, achunguze Wizara ya Fedha. Aligundua jambo la kutufikirisha: maofisa walikuwa wameonya. Mwaka baada ya mwaka waliliandikia Baraza la Mawaziri kwamba matumizi yanazidi kiasi. Lakini waliandika kwa upole uleule kila mwaka, hata hatari ilipokuwa imekua. Onyo likawa desturi, na desturi haimwamshi mtu. Tena wizara ilikuwa na wachumi wachache waliosomea kazi hiyo kwa kina.

Ni vigumu kuishauri Serikali isiyo na fedha, lakini ni vigumu zaidi kuishauri iliyo nazo. Pato la mara moja likiandikwa katika vitabu kama pato la kudumu, mwaka wa shida atakayelipa si aliyeandika, bali mzee mwenye kadi ya matibabu na kijana anayeanza kazi. Basi tofauti hiyo na iandikwe waziwazi, kwa tarakimu, juu ya ukurasa wa kwanza.

Tusidhani kwamba dawa ni kuacha kujenga. Ireland ilikaribia kuacha kabisa, na sasa nyumba hazitoshi. Kufikia 2022 bei zilikuwa zimepita zile za 2007, na mwaka 2025 waliolala katika makao ya dharura walizidi 15,000. Lakini wamejifunza pia. Mwaka 2013 walirudisha kodi ya nyumba ya kila mwaka, na mwaka 2024 walitunga sheria ya kuweka akiba sehemu ya mapato makubwa ya kodi za makampuni.

Wadogo zetu, baadhi yenu mtakaa katika ofisi hizo. Siku mkubwa wako atakapofurahi kwa sababu mapato yamezidi makadirio, mpelekee jalada umwonyeshe yametoka wapi, na kama mwakani yatakuja tena. Mwandikie kwa adabu, lakini mwandikie asielewe vingine.