Kuwaza Kunapotuzidi: Mazungumzo na Vikundi vya Kujisaidia

(Haya ni mazungumzo ya mhudumu mmoja wa afya katika mkutano wa vikundi. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, kwa faida ya vikundi ambavyo havikuweza kufika.)



Nimeombwa niseme juu ya msongo wa mawazo. Vijana wanaita stresi. Sisi tunasema tu, "Fulani ana mawazo," na kila mtu anaelewa. Lakini nikiwauliza mmoja mmoja, hakuna atakayeniambia ana mawazo. Ataniambia mgongo unauma, kichwa kinagonga, usingizi hakuna, moyo unapiga mbio na ameketi tu. Anakwenda zahanati, anapewa tembe za maumivu, na baada ya juma moja amerudi na maumivu yale yale. Maumivu hayo si ya uongo, na mtu huyo si mvivu.

Tuseme unakwenda mtoni, na nyoka anainua kichwa mbele yako. Hata kabla hujafikiri, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo zimemwaga adrenalini katika damu. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, mdomo unakauka, tumbo linaacha kusaga chakula. Mwaka wa 1915 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, Walter Cannon, alieleza kwamba kwa njia hii mwili unajitayarisha kupigana au kukimbia. Ni jambo zuri, maanake ndilo linalokuokoa. Nyoka akienda zake, baada ya muda mfupi mwili unatulia.

Sasa, karo ya shule si nyoka. Huwezi kuipiga kwa fimbo, wala huwezi kuikimbia, kwa sababu mtoto anarudishwa nyumbani palepale unapolala. Deni likisimama mlangoni miezi minne, mwili nao unasimama tayari miezi minne. Hapo ndipo usingizi unakatika saa nane za usiku, mtoto anachapwa kwa kosa dogo, na baba anaanza kupitia kwa mama pima kabla ya kufika nyumbani.

Wacha niwaambie yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilichukua mkopo wa shilingi 12,000 katika kikundi nilichokuwa mwanachama, nipeleke mtoto kidato cha kwanza. Riba ilikuwa asilimia 10 kwa mwezi. Mvua haikunyesha, mahindi yakakauka, na sikulipa. Mkutano wa kwanza nikasema naumwa. Wa pili nikasema nina mgeni. Siku mweka hazina alipokuja nyumbani, mimi mtu mzima, mwenye kufundisha wengine habari za afya, nilijificha jikoni nikamwambia mtoto aseme mama amekwenda sokoni. Mtoto alisema vile. Lile sikio langu lilivyosikia mtoto wangu akidanganya kwa ajili yangu, sijasahau mpaka leo.

Usiku nilikuwa nahesabu. Lakini sikuwa nahesabu pesa, nilikuwa nahesabu aibu. Mambo yote yalikuja pamoja kama rundo moja: deni, mahindi, mtoto, mume, paa linalovuja. Mtu akiliangalia rundo lote kwa mara moja hawezi kuinua hata kijiti.

Kilichonisaidia ni mama mmoja mzee wa kikundi hicho. Alikuja jioni, akakaa, akanywa chai, akaniuliza jambo moja: "Ni kiasi gani hasa?" Sikujua! Miezi mitatu sikulala kwa sababu ya deni ambalo sikujua ni kiasi gani. Tukachukua daftari la mtoto tukaandika. Mkopo 12,000, riba ya miezi mitatu 3,600, jumla 15,600. Akauliza, "Una nini kinachoingia kila siku?" Nilikuwa na lita mbili za maziwa ya jioni. Alinisindikiza mkutanoni yeye mwenyewe, na wanachama wakakubali riba isimame nilipe 600 kila wiki. Nililipa majuma 26. Usingizi wangu haukungoja majuma 26. Ulirudi wiki ileile, deni likiwa bado lote.

Nimelisema hili kwa sababu watu hudhani mawazo huisha shida ikiisha. Si hivyo. Mara nyingi hupungua pale shida inapopata mipaka, na mtu anapojua hatua moja atakayoifanya kesho asubuhi.

Jambo hili limejaribiwa hata na madaktari. Huko Zimbabwe watu wana neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Mwaka wa 2005 daktari wa akili aitwaye Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa, msichana ambaye jamaa zake hawakuwa na nauli ya basi ya kumleta hospitalini. Daktari akaona kuwa kungoja watu waje kwake hakufai. Mwaka wa 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, hakupewa vyumba wala wauguzi, ila akina nyanya 14 waliokuwa wakijitolea. Wakaweka benchi nje ya kliniki, chini ya mti. Mwanzoni benchi liliitwa la afya ya akili na watu wakaliogopa. Ni wale nyanya waliosema jina libadilishwe, liwe Benchi la Urafiki.

Nyanya anafanya nini? Anasikiliza. Mtu anataja shida zake zote, wanaziandika, halafu mtu mwenyewe anachagua moja. Wanatafuta njia, anaondoka na hatua ndogo, na anarudi kueleza ilikwendaje. Mikutano ni sita hivi. Majaribio yaliyofanywa na wagonjwa 573 katika kliniki 24 za Harare yalichapishwa mwaka wa 2016. Baada ya miezi sita, katika kila watu 100 waliopata huduma ya kawaida ya kliniki, kama 50 walikuwa bado na dalili za huzuni nzito. Kwa walioketi na nyanya walikuwa kama 14. Tena waliomaliza walikaribishwa katika kikundi cha kushona mikoba kwa plastiki iliyotupwa, wakizungumza huku mikono inafanya kazi. Si mnaona? Ni kikundi kama hiki chenu.

Lakini niseme na upande wa pili, hata kama waweka hazina watanikasirikia. Kikundi pia kinaweza kuwa ndicho kinachomwumiza mtu. Mwanachama akichelewa, jina linasomwa kwa sauti. Faini inaongezwa juu ya mtu ambaye tayari hana. Nimeona sufuria na kiti vikitolewa nyumbani mwa mjane huku majirani wanatazama. Mimi sisemi mikopo isilipwe. Pesa hizo ni jasho la wengine. Nasema kwamba mtu aliyeaibishwa halipi haraka zaidi, anajificha. Akijificha anakopa kwingine alipe hapa, mara nyingi kwa simu usiku, na asubuhi ana madeni mawili. (Kwa habari ya mikopo ya simu: kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji kukutukana au kuwapigia jamaa na rafiki zako simu ili akuaibishe. Akifanya hivyo, hifadhi ujumbe wake.)

Kwa hiyo napendekeza kila kikundi kichague watu wawili, mama mmoja na mzee mmoja, wasio mweka hazina wala mwenyekiti, wenye mdomo mzito. Mwanachama akikosa mikutano miwili, hao ndio waende kwanza, bila daftari la madeni. Wasiende kuhubiri. Tuombeane, ndiyo, lakini ukimwambia mtu "omba tu" ukaondoka kabla hajamaliza kusema, umejitua mzigo wako, si wake. Na yaliyosemwa pale yasifike kisimani.

Mambo mengine ya nyumbani nitayapitia upesi. Moyo ukienda mbio, kaa chini, vuta pumzi taratibu kwa pua, kisha itoe polepole kuliko ulivyoivuta, kwa dakika tano. Chai ya majani mengi na kahawa ziachwe mapema, maanake hukaa mwilini saa nyingi. Pombe humlaza mtu haraka na kumwamsha usiku wa manane akiwa na mawazo yaleyale na kichwa kinachouma. Wale wahamasishaji wa afya waliopewa mikoba mwaka 2023 wana kifaa cha kupima presha, kwa hivyo waombeni wawapime.

Kuna wakati benchi halitoshi. Mtu akikosa usingizi na hamu ya chakula kwa majuma mawili, akiacha kuoga au kutoka nje, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mpelekeni kituo cha afya. Akisema amechoka kuishi, au "mtabaki vizuri bila mimi," msicheke. Mwulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandi mtu wazo hilo. Mara nyingi kunampa nafasi ya kupumua. Asiachwe peke yake. Dawa za shamba na za kuoshea ng'ombe zifungiwe, ufunguo ukae kwa mtu mwingine, na aende kituo cha afya siku hiyohiyo mkiwa naye. Wengi huficha mambo haya kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba ile sheria iliyomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, yenye kifungo cha hadi miaka miwili, inapingana na Katiba. Mtu wa namna hiyo ni mgonjwa, mpelekeni kama mgonjwa.

Nimesema mengi na jua linashuka. Waweka hazina, kabla hamjafungua masanduku leo, tafadhalini someni orodha ya wanachama. Msisome ya wenye madeni, someni ya wasiofika mara mbili. Halafu mtuambie ni nani atakwenda kwa kila mmoja, na siku gani.