Kabla ya Kulipa Karo, Nenda Ukakione Chuo

(Hotuba iliyotolewa kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia na wazazi wenye vijana waliomaliza kidato cha nne)



Nimepewa nusu saa tu, kwa hivyo sitazunguka. Nataka tuzungumze juu ya siku moja, ile ya kwenda kukitazama chuo kabla ya kulipa hata shilingi. Wengi wetu tunaiona siku hiyo kama hasara ya nauli. Ngojeni niwaambie kwa nini mimi siioni hivyo tena.

Mwaka wa 2011 mtoto wa dada yangu alitaka kusomea kazi ya maabara ya hospitali. Kikundi cha akina mama anamokaa dada yangu kilifanya harambee, tukapata shilingi 42,000. Wengine waliuza kuku. Nyanya mmoja alitoa shilingi 200 alizokuwa ameweka za kununua dawa ya presha. Mimi ndiye niliyepewa hizo pesa nizipeleke, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Chuo kilikuwa mjini, orofa ya tatu, juu ya duka la viatu. Nilikaribishwa vizuri, nikapewa soda, nikapewa karatasi ya rangi yenye picha ya maabara. Sikuomba kuonyeshwa hiyo maabara. Nililipa, nikapewa risiti, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha. Baada ya mihula miwili tulikuta kufuli mlangoni. Tulipouliza kwenye bodi inayosajili wataalamu wa maabara, tukaambiwa chuo hicho hakitambuliwi. Hata angemaliza, asingeweza kusajiliwa kufanya kazi hiyo.

Pesa hazikurudi. Yule nyanya hakuniuliza kitu chochote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kikundi kilikaa karibu miaka mitatu bila kumchangia mtoto mwingine. Kwa hivyo mnaona, chuo kibaya hakili karo ya mtoto mmoja tu. Kinakula imani ya kikundi kizima.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, matayarisho. Msimtume mtu mmoja. Waende watatu: mzazi, mjumbe wa kikundi, na kijana mwenyewe. Kijana asiachwe nyumbani, maana ndiye atakayekaa huko. Nendeni siku ya kazi, wakati wanafunzi wako darasani. Msiende Jumapili, wala siku ya mahafali, kwa sababu siku hiyo hata nyasi hukatwa. Bebeni daftari, kalamu, na nakala ya matokeo ya KCSE. Maswali yaandikwe nyumbani. Ukifika ofisini mbele ya mtu aliyevaa tai, maswali hupotea kichwani.

Pili, jueni gredi ya mtoto inaweza kufungua mlango gani. Kwa kawaida digrii inataka C+, diploma C-, na cheti cha ufundi D. Aliyepata E pia hajafungiwa, anaweza kuanzia mafunzo ya fundi wa ngazi ya chini na kupanda. Kozi nyingine zinataka zaidi, kama vile gredi fulani ya hesabu au sayansi. Chuo kikimwambia mtoto wa D kwamba ataanza diploma wiki ijayo, mradi alipe leo, shikeni mfuko wenu vizuri.

Tatu, karatasi za serikali. Tangu sheria ya mwaka wa 2013, vyuo vya ufundi husajiliwa na kupewa leseni na mamlaka inayoitwa TVETA. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Ombeni kuona cheti chenyewe. Someni jina la chuo, mahali kilipo, na tarehe ya kumalizika. Kisha ulizeni habari ya kozi yenyewe, maana chuo kinaweza kuwa halali na kozi moja isiwe halali. Kozi za afya zina bodi zake. Kwa mfano, mtoto anayetaka uuguzi lazima asome mahali panapokubaliwa na Baraza la Wauguzi, la sivyo hatafanya mtihani wa kupata leseni.

Nne, mtihani. Ulizeni, “Mtihani wa mwisho unatungwa na nani?” Mnaweza kuambiwa KNEC, au TVET CDACC, au KASNEB kwa mambo ya uhasibu, au NITA kwa majaribio ya ufundi. Wakisema “tunatunga wenyewe”, ulizeni ni mwajiri gani anayekikubali hicho cheti. Wakisema KNEC, ombeni nambari ya kituo chao cha mtihani.

Tano, tembeeni. Msikubali kumaliza ziara yenu ofisini. Ingieni karakana. Hesabuni mashine, halafu hesabuni zinazofanya kazi. Mashine yenye vumbi na utando wa buibui haimfundishi mtu. Fungueni mfereji muone kama maji yanatoka. Tazameni vyoo na mahali wasichana wanapolala, na muulize usiku kuna mlinzi au hakuna. Kama ni lazima mtoto apange chumba nje, nendeni mkaulize kodi huko huko.

Sita, zungumzeni na wanafunzi mbali na walimu. Wapateni kibandani wakinywa chai. Waulizeni, “Mwalimu wenu anakuja darasani mara ngapi kwa wiki? Waliowatangulia wako wapi sasa? Kuna malipo gani ambayo hamkuambiwa mwanzoni?” Vijana husema ukweli kuliko karatasi ya rangi.

Saba, pesa. Msiulize karo peke yake. Ulizeni karo, ada ya mtihani, malazi, chakula, vifaa, sare, na gharama ya wakati wa kwenda kujifunza kazini. Jumlisheni kwa miaka yote, si kwa muhula mmoja. Ulizeni kama wanafunzi wa kozi hiyo wanapata mkopo wa HELB na basari ya eneo bunge. Na mkumbuke mkopo ni deni, utalipwa. Karo iingie benki au katika akaunti yenye jina la chuo. Mtu akiwaambia mtume kwenye simu yake binafsi, rudini nyumbani.

Mama mmoja aliniuliza, “Dada, hawatatuona washamba?” Nikamjibu, chuo kizuri hakiogopi maswali. Mwaka jana niliandamana na msichana mmoja, mama yake na mweka hazina wa kikundi chao. Mama alitaka binti asomee ukarani. Tulipofika karakana ya mabomba tukakuta wasichana wanne wameshika spana. Binti yetu alisimama pale hata tukamwita mara mbili. Mwalimu alijibu kila swali, na alipoulizwa juu ya mashine mbili zilizoharibika, alikubali kwamba ni mbovu, akatuambia zimekaa hivyo tangu muhula uliopita. Tukaandika hilo pia. Nauli yetu sote ilikuwa shilingi 1,800. Jioni mweka hazina alisoma daftari mbele ya kikundi, ubaya na uzuri, halafu wakapiga kura. Mama bado hajafurahia sana hayo mabomba, lakini alikuwepo, aliona, na hakuna anayeweza kusema alidanganywa.

Ombi langu ni hili. Vyuo vingi vya ufundi hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba. Kila kikundi kikubaliane leo kwamba hakuna mchango wa karo utakaotoka bila ripoti ya ziara, iliyoandikwa na kusomwa mbele ya wanachama. Tengeni nauli hiyo katika pesa za kikundi, asiachiwe mzazi peke yake, kwa sababu mzazi maskini ndiye atakayeona haya kuiomba, na ndiye atakayepoteza zaidi.

Wazee walisema kuuliza si ujinga. Mimi nilikunywa soda nikanyamaza, na nyanya wa watu akakosa dawa yake. Nyinyi ulizeni.

Sasa nasikiliza maswali.