Akaunti Yako ni Amana ya Wengi
(Nasaha kwa wazazi na vijana)



Mwizi wa zamani alivunja mlango usiku. Mwizi wa leo hubisha hodi mchana, na mara nyingi ni sisi wenyewe tunaomfungulia.

Hebu tutazame anavyofanya kazi yake. Unapata ujumbe kutoka kwa mtu unayemfahamu, ya kwamba namba sita zimetumwa kwenye simu yako kwa makosa, naye anakuomba umpatie. Kwa wema wako unampa. Kumbe namba zile ndizo ufunguo wa akaunti yako ya WhatsApp! Punde akaunti imehamia katika simu ya tapeli, naye anawaandikia mama yako, shemeji yako na jirani yako kwa jina lako: "Nimepata dharura, nisaidie kiasi fulani, nitarejesha jioni." Nao wanatuma, si kwa ujinga, bali kwa kuwa wanakupenda. Na yule aliyekuandikia mwanzoni, yaelekea naye alikwisha kuporwa akaunti yake vivyo hivyo.

Wapo wasemao, "Mimi ni maskini, ataniibia nini?" Neno hili si sahihi. Tapeli hatafuti fedha zako tu. Anatafuta jina lako jema, apate kuwaibia wale wanaokuamini. Hivyo siri za watu zilizomo katika simu zetu, na imani yao kwetu, ni amana.

Basi tufanye nini? Kwanza, namba za uthibitisho zinazoletwa kwa ujumbe asipewe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mtumishi wa benki au wa kampuni ya simu. Pili, tuweke uthibitisho wa hatua mbili. Tapeli akizipata zile namba sita, atakwama penye namba ya siri uliyoichagua mwenyewe. Tatu, neno la siri la barua pepe lisitumike mahali pengine, kwani aliyeiteka barua pepe yako aweza kubadili maneno ya siri ya akaunti nyingine. Nne, tusiahirishe masahihisho ya programu. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza, ilhali Microsoft ilikwisha kutoa kinga yake tangu mwezi Machi.

Aidha, ukiombwa fedha, usitosheke na maandishi, wala na sauti, maana siku hizi hata sauti huigizwa kwa kompyuta. Uliza jambo mnalolijua ninyi wawili tu. Walioko Tanzania wapeleke namba ya tapeli kwenda 15040.

Mwisho, aliyetapeliwa asione haya. Awaarifu jamaa zake saa ile ile, kabla mwingine hajatuma fedha. Nasi tusimcheke, kwani aibu inayomnyamazisha ndiyo mtaji wa tapeli.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitunza amana zetu. Amin.