Bunduki ya Nyumbani: Risasi Itaishia Wapi?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali.)



Nimeombwa niseme machache juu ya silaha ya kulindia nyumba. Ombi hilo limetokana na ndugu wawili miongoni mwetu ambao nyumba zao zilivunjwa usiku, nao sasa wamekwisha kupeleka polisi maombi ya leseni. Waliniuliza swali ambalo kila mnunuzi wa bunduki huliuliza kwanza: ni ipi itakayomwangusha mwizi? Swali hilo si baya, lakini nawaomba tuanzie upande wake wa pili. Risasi ikishatoka kwenye mtutu, itaishia wapi? Uwanja wa shabaha una tuta la udongo nyuma yake. Nyumba ina watoto, ina jirani, na pengine ina mgeni aliyefika jioni akalazwa sebuleni.

Tutazame kisa cha Afrika Kusini. Alfajiri ya Februari 14, 2013, mjini Pretoria, mwanariadha Oscar Pistorius alifyatua risasi nne za bastola ya milimita 9 kwenye mlango wa choo uliokuwa umefungwa, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mahakamani alidai kwamba alidhani ameingiliwa na mhalifu. Aliyekuwamo chooni ni mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Risasi tatu kati ya nne zilimpata, akafa. Wengi wanakikumbuka kisa hicho kwa ajili ya umaarufu wa mtu yule. Mimi nakikumbuka kwa ajili ya ule mlango. Risasi alizozitumia zilikuwa za aina inayotanuka kichwa, zilizotengenezwa kwa ajili ya kujihami. Mahakama Kuu ya Rufaa, katika hukumu yake ya Desemba 2015, ilieleza kwamba risasi za namna hiyo hupenya mlango wa mbao bila kusambaratika, kisha hutanuka zinapokutana na mwili wa binadamu. Majaji wakasema kwamba haidhuru alidhani nyuma ya mlango yuko nani. Alijua yuko mtu, na chumba kile kilikuwa kidogo, hakina pa kukwepea. Hatia ya kuua bila kukusudia ikaondolewa, ikawekwa hatia ya mauaji. Mwaka 2017 kifungo chake kilipandishwa kikawa miaka 13 na miezi 5.

Huenda mkauliza, hiyo risasi ya kutanuka ni kitu gani? Ina historia ndefu. Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza walitengeneza risasi za aina hiyo katika kiwanda chao cha silaha cha Dum Dum, karibu na Calcutta, nchini India. Zikalaumiwa kwa majeraha yake makubwa, na Azimio la The Hague la mwaka 1899 likazipiga marufuku vitani kati ya mataifa yaliyotia sahihi. Hata hivyo, polisi wa miji mingi wanazitumia hadi leo. Polisi wa New York waliamua mwaka 1998 kuacha risasi zilizofunikwa shaba kichwa kizima na kuchukua zenye tundu kichwani, kwa sababu zile za kwanza zilikuwa zikipita kwenye mwili wa aliyelengwa na kumpata mpita njia, au hata polisi mwingine. Ile yenye tundu hutanuka, hupungua mwendo, na aghalabu hubaki ndani ya mwili. Kwa hiyo kitu kilichokatazwa vitani kwa sababu ya ukatili kimekubaliwa mjini kwa ajili ya kumlinda asiyehusika. Ni jambo gumu kulizoea, lakini hoja yake inaeleweka.

Lakini ndugu zangu, hapa ndipo wauzaji huwapotosha watu. Risasi ya kutanuka hupunguza hatari pale inapompata uliyemlenga. Ikimkosa, habari ni nyingine kabisa. Nchini Marekani kuta za ndani za nyumba nyingi ni kiunzi cha mbao kilichofunikwa kila upande kwa bodi za jasi, zile ambazo mafundi wetu huziita jipsamu, zenye unene wa milimita 13 hivi. Risasi yenye tundu ikigonga bodi hizo, unga wa jasi hulijaza tundu lile, nayo huendelea kama risasi ya kawaida, ikatoboa chumba cha pili na cha tatu. Wala hapatarajiwi vingine. Aprili 11, 1986, makachero wa FBI walipambana na majambazi wawili mjini Miami, na makachero wawili wakauawa. Risasi moja ya milimita 9 iliyompata jambazi mmoja mapema ilisimama kabla ya kufika moyoni, naye akaendelea kupigana. Baada ya hapo FBI ikaweka kipimo kwamba risasi inayofaa ipenye katika jelatini ya majaribio kati ya sentimita 30 na 45. Risasi yenye nguvu ya kufika kina hicho haiwezi kuzuiwa na bodi mbili za jasi. Hapana budi kulikubali hilo kabla ya kwenda dukani.

Wapo wanaosema, basi nichukue bunduki ndefu yenye risasi ndogo iendayo kasi. Risasi ya milimita 5.56 yenye uzito wa gramu tatu na nusu hivi hutoka kwa mwendo unaopita mita 900 kwa sekunde, na kweli majaribio yameonyesha kwamba nyepesi ya aina hiyo, ikigonga ukuta, huyumba na kuvunjika, hata wakati mwingine ikapenya kuta chache kuliko ya bastola ambayo ni nzito mara mbili. Lakini kuta chache si sifuri. Wengine husifu bunduki ya marisau, wakidai kwamba haihitaji shabaha kwa kuwa marisau hutawanyika. Katika chumba cha mita tano marisau hayatawanyiki zaidi ya upana wa kiganja hivi, kwa hiyo unaweza kukosa vilevile. Na marisau makubwa ya kupigia wanyama, tisa ndani ya ganda moja, kila moja la milimita 8 na zaidi, hupita kuta za jasi kama vile bastola, ila sasa ni tisa badala ya moja. Marisau madogo ya ndege hupenya kidogo kuliko yote, na kwa sababu hiyo hiyo huenda yasimzuie mtu mwenye nia mbaya. Hakuna risasi inayomjua mwizi na kumwacha mtoto.

Usiku wa Machi 13, 2020, mjini Louisville, polisi walivunja mlango wa Breonna Taylor. Mwenzake, akidhani wamevamiwa, alifyatua risasi moja, ikampata polisi mmoja pajani. Polisi wakajibu kwa risasi 32, na Taylor, mwenye umri wa miaka 26, akauawa. Polisi mmoja alifyatua kumi kutoka nje, kupitia mlango wa kioo na dirisha vilivyofunikwa, asione ndani. Baadhi zilipita ukuta hadi kwa majirani, ambako walikuwamo mwanamume, mwanamke mjamzito na mtoto wa miaka mitano. Kwa bahati hazikumpata yeyote. Mwaka 2024 baraza la mahakama lilimtia hatiani polisi huyo kwa kukiuka haki za Taylor, lakini kwa shtaka la majirani likamwachia. Nadhani majirani wale wana maoni yao juu ya hilo.

Sasa turudi kwetu. Ukuta wa tofali imara za saruji, uliojengwa vizuri, kwa kawaida huisimamisha risasi ya bastola, na hapo tumewazidi Wamarekani. Lakini ukuta mgumu huweza kuirudisha risasi au vipande vyake chumbani. Tena ni nyumba zetu ngapi ambazo kuta za vyumba hufika hadi kwenye paa? Milango yetu ni ya mbao, madirisha ni ya vioo au nyavu, mabanda ya uani ni ya mabati, na katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati, wapangaji wa familia tatu hulala mita chache kutoka mlango mkuu. Bati halizuii kitu. Anayefyatua kutoka chumbani kuelekea ukumbini anafyatua kuelekea kwa watu anaokopeshana nao chumvi.

Mimi mwenyewe nina bunduki ya marisau yenye leseni, kwa ajili ya nguruwe pori wa shambani. Jioni moja nilichukua kamba, nikaifunga pale kitandani ambapo ningekuwa nimesimama, nikaivuta hadi mlango wa mbele, kisha hadi dirisha la uani. Kamba ya kwanza ilipita juu ya mto wa kitanda cha binti yangu, ng'ambo ya mlango wa mbao. Ya pili ilitoka dirishani ikaelekea moja kwa moja jikoni kwa jirani, mahali mama mwenye nyumba huamka saa kumi usiku kuchoma maandazi. Ni upande mmoja tu uliokuwa na ukuta mzima wa tofali na mlima nyuma yake, na huo mwizi hawezi kuutumia. Siku ya pili nilihamisha kitanda cha mtoto, nikaweka komeo la chuma na taa ya nje, na bunduki nikaifungia ndani ya sanduku, risasi zikiwa mahali pengine.

Kwa hiyo wale ndugu wawili, kabla hamjajibiwa kuhusu leseni, fanyeni kazi ya kamba. Mkikuta kila mstari unaishia kwa mtu, pesa za bunduki zinatosha kununua milango miwili ya chuma. Mkikuta upo mstari ulio salama, na leseni ikatolewa kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, basi tuzungumze juu ya aina ya risasi, na nitawaletea maganda myaone.

Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.