Mtoto wako yuko wapi vakansi hii?



Shule zimefungwa mpaka mwezi wa tisa. Katika Luka 2, Yosefu na Maria walitembea siku nzima wakidhani Yesu, mwenye miaka 12, yumo msafarani pamoja na jamaa. Wakamwona baada ya siku tatu. Nao walikuwa wazazi wacha Mungu! Sisi hapa Aru tunasema vilevile: "Yuko kwa mjomba, ng'ambo ya mpaka, Arua." Umempigia mjomba simu? Mtoto analala wapi? Au amekwisha kwenda kuchimba dhahabu?

Baba, mama, pangeni leo jioni. Karanga zinang'olewa sasa. Nenda naye shambani, mpe fungu lake mwenyewe auze sokoni, ahesabu faida, atoe zaka kwa mkono wake, anunue na daftari. Mvua ikinyesha, mkiwa barazani mnamenya karanga, msimulie jinsi ulivyookoka. Wengi wetu tumelishuhudia kanisa zima habari hiyo, ila mtoto wa nyumbani hajaisikia. Atauliza maswali, mengine ya kuaibisha. Mjibu.